Mkaguzi wa Vitanda

Marehemu hasemwi vibaya, ndivyo tulivyofundishwa, lakini aliyetufundisha hivyo hakumjua mjomba wangu. Mimi nitamsema. Nimemlilia vya kutosha, na aliyelia ana haki ya kusema.

Alikuwa kaka wa mama yangu, tumbo moja. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na ndiye aliyekuja kunichukua. Alinitupa begani kama gunia, akanifikisha kwake, akanipa uji, na nilipokataa kuunywa akanizaba kofi lililonipeleka chini ya meza. Kisha naye akaingia chini ya meza na bakuli lake, mtu mzima mwenye mabega ya kuziba mlango, akajikunja huko pamoja nami mpaka uji ukaisha. Basi huyo ndiye mjomba. Alimpiga kila mtu, hakuwa na ubaguzi: majirani, mbwa, wanaodai kuwa mvua itanyesha, na siku moja ukuta wa choo kwa sababu ulimkwangua kiwiko.

Kazini alikuwa mtu wa nyundo. Kiwanda cha nyama kilikuwa nyuma ya mtaa wetu, na nusu ya mtaa ilikula kwa kiwanda hicho. Ng'ombe waliingizwa mmoja mmoja katika kizimba chembamba cha chuma, naye alisimama juu ya ubao, nyundo ya mpini mrefu mikononi, akishusha pigo moja katikati ya macho. Mia na ishirini kwa zamu. Mimi ndiye niliyefua ovaroli lake: maji ya kwanza mekundu, ya pili mekundu, ya tatu rangi ya chai, hapo nikaanika. Halafu siku moja alikwenda kumsaidia mwenzake kwenye msumeno wa mifupa, wakabishana, akatupa ngumi bila kuangalia mkono wake unapita wapi. Msumeno ukachukua vidole vitatu vya kulia. Alifunga kiganja kwa kitambaa, akammalizia mwenzake ngumi zilizobaki kwa mkono wa kushoto, ndipo akaenda kliniki kwa miguu yake.

Wenye kiwanda walizungumza Kihispania. Walimleta daktari wao, mama mmoja mfupi mwenye nywele nyeupe, na vyeti vyake vyote vilichapishwa kwa lugha hiyo. Mimi nilikuwa karani wake. Kwa mgonjwa wa kupumzika kulikuwa na maneno ya aina tatu, na kila aina ilikuwa na kipimo chake. Ya chini ilikuwa reposo relativo: pumzika, lakini waweza kuzungukazunguka nyumbani na kukaa mlangoni ukaota jua. Ya kati ilikuwa guardar cama: kaa kitandani, uinuke kwa haja na kunawa tu. Ya juu, ambayo daktari aliiandika kwa nadra na kuipigia mstari, ilikuwa reposo absoluto en cama: usiinuke kwa lolote, haja yako ikufuate hapo ulipo. Mimi niliipenda ile ya kati. Sisi husema mtu kaanguka, hajiwezi, yu hoi kitandani, kana kwamba kitanda kimemteka. Wao, daktari alinieleza, husema mgonjwa analinda kitanda. Nikacheka, nikasema basi angalau kapewa kazi.

Tatizo ni kwamba walinzi wengi walitoroka lindo. Kiwanda kilikuwa na mkaguzi wa vitanda, mzee mpole aliyekuwa akizunguka nyumba za wagonjwa kuona kama kweli wamelala. Mzee huyo alibisha hodi. Na ukibisha hodi, mgonjwa wa uongo anapata nafasi ya kuvua viatu, kujifunika na kuanza kukohoa. Kuna mmoja mwenye cheti cha homa kali alikutwa uwanjani akichezesha mpira, filimbi mdomoni, jasho linamtoka, na bado alidai lile jasho ni la homa. Meneja akamwondoa yule mpole. Akamtazama mjomba wangu, asiyeweza tena kushika nyundo lakini kofi lake lilikuwa bado na afya njema, akampa kazi.

Mimi ndiye niliyemfundisha yale maneno. Tulikaa jikoni, naye akiyatafuna kama mtu aliyekutana na mshipa kwenye nyama: re-po-so, re-po-so. Hayo tu ndiyo aliyojifunza ya Kihispania maisha yake yote. Watu wakampa jina la Mzee Reposo, na watoto walilitumia kutishana.

Ukaguzi wake ulikuwa hivi. Habishi, anapiga teke mlango. Anamkamata mgonjwa mkono, anamvuta kutoka kitandani na kumwacha sakafuni. Anaweka kile kiganja cha vidole viwili pale kiuno kilipokuwa, anahesabu hadi kumi. Godoro likiwa na joto, anatia alama kwenye karatasi na kuondoka, wala hamrudishi mtu kitandani. Likiwa baridi, ole wake. Anamburuta kwa ukosi wa shati hadi lango la kiwanda, na njia nzima ni makofi. Alisema mtu hudanganya, daktari hudanganywa, lakini godoro halina mdomo wa kusema uongo.

Siku moja daktari alimkabili pale kliniki, akawa mwekundu hadi masikioni, na mimi katikati nikitafsiri. "Muulize, anamwinua mgonjwa ili ahakikishe kwamba hajainuka?"

"Mwambie yeye aendelee na sindano zake," mjomba alijibu.

Visa vyake ni vingi na vingine vinachekesha mpaka ukumbuke damu. Kulikuwa na mpakiaji wa makopo aliyekuwa akienda kujenga nyumba yake na kuacha pasi ya mkaa imefungwa kwenye blanketi ili godoro lisipoe. Mjomba alipopiga teke mlango alikuta moshi. Akamngoja. Mpakiaji aliporudi na mwiko wa kujengea mkononi, mjomba alimtandika kwa lile godoro lenyewe, likiwa bado linafuka, mpaka nywele za upande mmoja wa kichwa zikaungua na sikio likatoka malengelenge. Mwanamke mmoja wa kubandika vibandiko vya makopo, aliyekuwa na homa ya kweli, alimng'ata mkono hadi mfupa alipomvuta. Mjomba alifurahi wiki nzima. "Yule anapona," alisema, "yule ana meno ya kuishi." Kisha wanaume watano wakamvizia kwenye kona ya bomba la maji taka na mnyororo wa ndoano za nyama. Aliwavunja taya moja na mkono mmoja, akarudi nyumbani sikio likining'inia. Nilimshona kwa uzi wa blauzi yangu. Alikaa kwenye kigoda bila kusema ah, akanieleza tu nani alipiga vizuri na nani hakujua kukunja ngumi. Daktari alimwandikia guardar cama, siku tano. Kile cheti alikiwashia jiko.

"Mwosha huoshwa," watu walisema akipita na bendeji kichwani. Waliposema hivyo nilikasirika. Acha niseme wazi, nilimpenda. Alinisomesha, alinipiga, alinipikia nilipougua tetekuwanga, akanipiga nilipopona. Sikuwa na baba mwingine.

Mume wangu alikuwa fundi wa kisu pale pale kiwandani, wa kutoa mifupa kwenye nyama. Alikuwa mtu mtaratibu, asiyeinua sauti hata akiambiwa nyumba inaungua. Alipokuja kuniposa, mjomba alimpima kwa ngumi ya tumbo. Akajikunja, akangoja pumzi irudi, akanyooka na kusema, "Shikamoo, mzee." Mjomba akanigeukia: "Huyu mchukue." Tuliishi miaka minne kwa amani, mpaka asubuhi moja ndoano ilipochomoka kwenye reli ya juu na nusu nzima ya fahali ikamwangukia mgongoni.

Walimleta kliniki juu ya mlango uliong'olewa. Daktari alimpapasa kwa muda mrefu, akamchoma sindano nyayoni, akaona vidole vinachezacheza, akashusha pumzi. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa na ufa. Alinieleza kwa kutumia kalamu na uzi: pingili zikitulia, zitaunga, zikisogea, zitaukata uzi uliomo ndani, na miguu itakuwa imekwenda, haitarudi. Siku arobaini. Mbao chini ya godoro, mifuko ya mchanga kila upande, asiketi, asigeuzwe, asiinuliwe na mtu yeyote hata kidogo. Akaniambia nichape cheti. Nikachapa: reposo absoluto en cama. Kila cheti kilikuwa na nakala, na nakala nilijua inakwenda kwa nani.

Nilimfuata kazini siku hiyo hiyo. "Mjomba, nakuomba. Usije kwangu."

"Kazi ni kazi. Sheria msumeno, inakata mbele na nyuma. Nikimruka mkwe wangu, kesho nitamzaba nani kofi akakubali?"

"Basi njoo, lakini usimguse. Ukimwinua mara moja tu hatembei tena. Mjomba, hatembei. Umenisikia?"

Alitazama vile vidole viwili vyake. "Nitamtazama tu," alisema.

Na kwa muda alitimiza. Alikuja siku ya tano na siku ya kumi na mbili, akafungua mlango kwa mkono kama binadamu, akasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma. Mume wangu alimwamkia akitazama dari, maana dari ndiyo iliyokuwa dunia yake. Mjomba aliuliza maswali ya watu wasio na la kuulizana, akatia alama, akaondoka. Mimi nilikuwa nikipewa ruhusa kila adhuhuri kwenda kumlisha kwa kijiko na kutoa beseni. Jioni nilimsugua visigino kwa mafuta. Aliniambia anasikia vidole vyangu vyote kumi. Kila nilipolisikia hilo nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha, nikarudi na uso mkavu.

Yule mpakiaji wa pasi ya mkaa, sikio lake limepona vibaya, ndiye aliyekwenda kwa meneja. Akasema amemwona mume wangu bombani, amebeba ndoo mbili. Uongo mtupu, lakini ulikuwa uongo wa mtu aliyengoja zamu yake. Meneja akauleta mbele ya wafanyakazi wote wakati wa kubadilisha zamu: "Kumbe Reposo ana kitanda chake cha upendeleo." Watu mia mbili wakacheka. Hawakuwa wamewahi kumcheka mjomba wangu, hawakuthubutu, na sasa walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Ilikuwa siku ya ishirini na tatu, adhuhuri. Nilikuwa na bakuli mkononi na kijiko kiko mdomoni mwa mume wangu mlango ulipopigwa teke. Bawaba ya juu iling'oka.

"Ameonekana bombani," mjomba alisema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na nani? Mjomba, tazama hiyo miguu, imekuwa vijiti! Bombani atafikaje?"

"Sogea."

Sikusogea. Alinishika bega akanitupa. Kabati lilinipokea kwa kona yake na jino langu la mbele likabaki kwenye ubao. Niliinuka, nikamrukia mguuni, nikaukumbatia kwa mikono miwili na kumng'ata juu ya goti. Ngumi ya kwanza ilinipata kichwani, ya pili sikio la kushoto, na tangu hapo sikio hilo halisikii. Ya tatu sikuihesabu. Damu iliniziba jicho. Katikati ya hayo nikasikia mbao za kitanda zinalia, nikajua ni nini. Mume wangu alikuwa ameshika ukingo wa kitanda anajivuta ainuke.

"Mwache! Mzee, mwache, naja mimi!"

"Usiinuke!" nilipiga kelele. "Lala! Hata akiniua usiinuke!"

"Mke wangu!"

"Lala chini! Nimekwambia lala!"

Akalala. Akaufunga mdomo, akaitazama dari, machozi yakimwingia masikioni, na mjomba akaendelea kunipiga ili nimwachie mguu. Mpaka leo sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba mume wangu aliisikia yote, na alilala kwa sababu mimi nilimwamuru.

Mwishowe mikono yangu iliachia. Mjomba alifika kitandani. Hakumvuta. Aliinama, akapenyeza kile kiganja polepole chini ya kiuno, kati ya shuka na ngozi, akafumba macho. Hakuhesabu hadi kumi. Alipoutoa mkono ulikuwa umelowa jasho na usaha wa vidonda vya kulalia, alama ya siku ishirini na tatu. Aliutazama.

"Yumo," alisema.

Alinigeukia, akavua shati lake, akapiga magoti kunifuta uso. Nikamtemea damu. Aliliacha shati sakafuni akaondoka kifua wazi, na kesho yake akamfuata yule mpakiaji na kumvunja miguu yote miwili kwa mpini wa sepetu. Kisha akarudisha karatasi za ukaguzi kwa meneja, akamwambia atafute mtu mwingine.

Kwangu hakuingia tena. Kila adhuhuri nilimwona ng'ambo ya barabara, amesimama juani bila kofia. Sikumwita. Nilikuwa na hasira ya kula mawe. Mume wangu naye aliacha kusema. Akila, anakula, nikimsugua visigino, ananiambia idadi ya vidole, zaidi ya hapo, dari. Usiku mmoja tu aliniuliza kama sikio linauma, nikasema haliumi, akasema, "Nililala."

"Nilikwambia ulale."

"Najua. Nililala."

Siku ya arobaini daktari alikuja mwenyewe. Tulimketisha, akazimia kidogo, tukamketisha tena. Tulimsimamisha. Magoti yalimtetemeka kama ya ndama, lakini yakashika. Akapiga hatua tatu hadi dirishani. Daktari alimbusu mashavuni, akamwandikia cheti kwa mkono wake: reposo relativo, wiki sita. Akanivuta kando akanionya kwamba mgongo umeunga lakini bado mbichi. Kujikwaa kumoja, kusukumwa kumoja, na yote tuliyoyafanya ni bure. Nilicheka kwa pengo langu la jino. Miguu ilikuwa yangu, nilikuwa nimeinunua kwa sikio na jino, na bei niliiona nafuu.

Baada ya wiki moja ya kuzunguka chumbani, mume wangu aliamka asubuhi, akavaa shati safi, akachukua mfuko wa visu vyake.

"Nakwenda kiwandani," alisema. "Wanione."

Nilimfuata nyuma hatua mbili, ili akiyumba nimdake. Nilizihesabu hatua zake. Naona aibu kusema nilivyofurahi: kila unyayo uliogusa vumbi ulikuwa kama mtoto wangu anayejifunza kutembea. Watu walisimama milangoni wakampongeza. Tulipofika njia panda, kiwanda kiko kulia. Yeye akakata kushoto.

Nilielewa alipoingiza mkono kwenye mfuko.

"Rudi," nilimwambia. "Nakuomba, mume wangu, turudi nyumbani."

Hakugeuka. Hakuharakisha pia, hakuweza. Nyumba ya mjomba ilikuwa ya nne. Mlango wazi, naye yuko nje ameinamia beseni ananawa uso, shingo nene imelowa maji. Akasikia nyayo akainuka. Akamwona mume wangu kwanza miguu, halafu kisu, halafu tena miguu.

"Umesimama," alisema.

"Nimesimama, mzee."

Nilikuwa nyuma ya mume wangu. Mikono yangu ilikuwa imeshainuka, shubiri moja kutoka mgongo wake, pale pale pingili zilipounga, mahali nilipopajua kuliko uso wangu. Msukumo mmoja tu, wala si wa nguvu, angeanguka kifudifudi na mjomba angeishi. Mungu shahidi, nilitaka. Vidole viligusa shati.

Mjomba aliniona kwa juu ya bega la mume wangu. Mtu aliyeangusha ng'ombe mia na ishirini kwa zamu, ambaye kofi lake moja lingemrudisha mume wangu kitandani maisha yake yote, aliteremsha mikono yote miwili kando ya mapaja.

"Usimsukume, mwanangu," alisema. "Huo mgongo bado mbichi."

Kisu cha kutoa mifupa ni chembamba, hakitaki nguvu, kinataka kujua njia, na mume wangu alikuwa fundi. Kiliingia chini ya mbavu mara moja. Kwa uzito wa pigo lake mume wangu aliyumba mbele, magoti yakamlegea, na mjomba akamkamata. Akamshika mabega, mkono mzima huku na ule wa vidole viwili huku, akamnyoosha, akamshikilia wima mpaka magoti yakashika. Kisha yeye mwenyewe akaanza kwenda chini, polepole, akiwa bado anamtazama miguuni, na mimi mikono yangu ilikuwa juu bado, haijamsukuma mtu.